Bei ya Kujua

Julai ya Arusha haina huruma. Mawingu yanashuka kutoka Meru alfajiri, yanalala juu ya mabati mpaka saa saba mchana, na mtu aliyetoka Tanga au Mtwara anakwenda darasani na koti zito kama anayepanda mlima. Katika chumba cha kujisomea cha hosteli yetu, ghorofa ya pili, kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika: dirisha halifunguliwi.

Kwa wiki tatu mimi ndiye niliyekuwa naivunja.

"Wewe mtoto wa Meru, funga hilo dirisha," mwenzangu wa Tanga aliniambia usiku mmoja, mikono ameificha kwenye mikono ya sweta. "Sisi wengine hatukuzaliwa kwenye friji."

Watu walicheka. Nikafunga. Kisha nikatazama kifaa kilichokuwa mezani, kidogo kama pakiti ya biskuti, nilichokiazima maabara kwa kusaini vitabu viwili. Kinapima hewa ukaa, basi. Nje ya jengo kilikuwa kinasoma sehemu 420 hivi kwa kila milioni. Ndani ya chumba kile, tukiwa watu kumi na tisa, saa tatu na robo usiku, kilisoma 2,140.

Hesabu yake si ngumu. Pumzi anayoitoa binadamu ina hewa ukaa karibu sehemu 40,000 kwa milioni. Ukitoa ile ya nje, ukagawanya, unapata kwamba karibu asilimia 4 ya hewa iliyokuwa chumbani ilikuwa imeshapita kwenye mapafu ya mtu. Kwa lugha ya hosteli: katika kila pumzi ishirini na tatu ninazovuta, moja nimeazima kwa wenzangu. Mwenye mafua, mwenye kifua, mwenye afya, wote tumechangia chungu kimoja.

Sikuwa nafanya hivyo kwa udadisi tu. Ilikuwa kazi ya darasa. Nasoma shahada ya uzamili katika afya ya jamii na mazingira, na mhadhiri wetu alitugawa vikundi vya watu wanne wanne na kutupa swali moja: katika jengo linalotumiwa na watu wengi, kama hosteli, ukumbi wa mihadhara au ofisi ya umma, je, inafaa kutumia fedha kuweka vifaa vya kugundua virusi hewani? "Msiniletee hotuba," alisema. "Nileteeni hesabu."

Tulifurahi. Swali lilikuwa la kisasa, lenye harufu ya maabara mpya. Mwenzetu mmoja alishaanza kuchora nembo ya mradi kabla hatujajua kifaa chenyewe kinafananaje.

Vifaa hivyo vipo. Mwaka 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, kile cha St. Louis kule Marekani, walichapisha maelezo ya kifaa kinachonyonya hewa ya chumba karibu lita 1,000 kwa dakika, kinaizungusha kwa kasi ndani ya majimaji ili chembe zinazoelea zinase humo, kisha kinatafuta virusi vya Uviko-19 kwa kutumia kinga ndogo sana zilizotokana na llama, yule mnyama wa Amerika ya Kusini wa jamii ya ngamia. Jibu linatoka kwa takriban dakika 5. Walikijaribu kwenye nyumba za wagonjwa wawili na kikanusa virusi. Uwezo wake wa kugundua waliupima kuwa kati ya asilimia 77 na 83.

Nilisoma makala ile usiku mzima. Nakiri nilisisimka. Kengele ya moshi tunaijua: moto ukianza, inalia. Sasa fikiria kengele inayolia pale ugonjwa unapoingia chumbani, kabla mtu wa kwanza hajakohoa.

Halafu tukakaa kupiga hesabu.

Kifaa cha namna ile bado hukikuti dukani Arusha. Kinachopatikana kwa urahisi zaidi ni mashine za kukusanya hewa kwenye kichujio, kisha sampuli inapelekwa maabara. Kwa hiyo tulianza na upande wa maabara. Mwaka 2020, katriji moja ya kupimia Uviko-19 kwenye mashine ya GeneXpert, ile ile ambayo hospitali zetu nyingi zinaitumia kwa kifua kikuu, iliuzwa kwa nchi kama yetu kwa dola 19.80. Tuseme dola 20. Hosteli yetu ina ghorofa nne. Sampuli moja kila ghorofa kila siku, kwa siku 300 za mwaka wa masomo na likizo fupi, ni sampuli 1,200. Hizo ni dola 24,000. Tukichukua dola moja kwa shilingi 2,600, ni zaidi ya milioni 62 kila mwaka, na hapo hatujanunua mashine ya kunyonya hewa, hatujamlipa mtaalamu wa maabara, hatujalipa umeme, wala hatujamtafuta fundi siku mashine itakapogoma.

"Kwa milioni 62 kila mwaka," dada wa Mbeya aliyekuwa katibu wetu alisema, "mimi nitakohoa mwenyewe bure na kuwaambia."

Kulikuwa na hesabu nyingine iliyoniuma zaidi. Tuseme kifaa ni kizuri sana, kinakosea mara 2 tu katika kila vipimo 100. Kwa vipimo 1,200 hizo ni kengele 24 za uongo kwa mwaka, mbili kila mwezi. Na kile cha dakika tano kinaweza kupima mara 288 kwa siku moja. Mtu atakimbia kengele ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya saba atatafuta waya wa kuikata.

Zaidi ya hapo, kifaa kinajua jina moja tu, lile kilichofundishwa. Kilichofundishwa Uviko hakitasema neno kuhusu mafua, surua wala kifua kikuu, ambacho hakisababishwi na virusi bali na bakteria, na ambacho nchi yetu iko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi. Kila ugonjwa unataka pua yake, na kila pua ina bei.

Nilipokuwa natafuta historia ya jambo hili ndipo nilipokutana na simbilisi wa Baltimore. Simbilisi ni wale wanyama wadogo wasio na mkia ambao binamu yangu alikuwa anawafuga jikoni tukiwa watoto. Katika miaka ya 1950, Marekani, mhandisi William Wells na daktari Richard Riley walitaka kuthibitisha kwamba kifua kikuu kinasafiri hewani. Hawakuwa na mashine ya kunusa. Walichukua wodi ya vitanda sita vya wagonjwa, wakapitisha hewa yake yote kwenye mabomba hadi chumba cha juu kilichojaa simbilisi, wakasubiri. Miezi ikapita. Mmoja baada ya mwingine, simbilisi wakaugua. Baadaye hewa ile ile ikagawanywa njia mbili: moja ilipita kwanza kwenye taa za miale ya urujuanimno, nyingine haikupita. Simbilisi waliopata hewa iliyomulikwa hawakuambukizwa.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha kugundua maambukizi hewani kilikuwa na manyoya. Na bei yake ililipwa na kile kifaa chenyewe.

Nilimsimulia mwenzangu wa Tanga. Akanyamaza, kisha akasema, "Sasa sisi humu ndani ni wagonjwa au ni simbilisi?" Alikuwa anatania. Lakini usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu nilikuwa namfikiria babu yangu.

Babu alilazwa Kibong'oto mwaka 1962, akiwa na miaka kumi na tisa. Kibong'oto iko Siha, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na ilianza mwaka 1926 kama mahali pa kutunzia wagonjwa wa kifua kikuu. Alikaa huko zaidi ya mwaka. Alikuwa akitusimulia juu ya sindano, alizoziita "sindano za punda", na juu ya madirisha. Madirisha, alisema, yalikuwa wazi mchana na usiku, mvua inyeshe isinyeshe. Mgonjwa akilalamika baridi, anaongezewa blanketi. Dirisha halifungwi.

Alipona, akarudi Meru, akaoa, akapanda kahawa na migomba, akazaa watoto saba. Na kwa miaka karibu sitini hakulala hata usiku mmoja na dirisha lililofungwa. Nyumba ya babu ilikuwa juu, karibu na mpaka wa msitu, mahali ambapo Julai unaona pumzi yako ikitoka kama moshi. Sisi wajukuu tulikuwa tunaogopa kulala chumba chake. Tukilalamika anacheka: "Hewa haina ghala, mjukuu wangu. Ukiifungia inaoza."

Februari 2021 nilikuwa nyumbani. Kila mtu wa umri wangu ana Februari yake ya mwaka ule. Ilikuwa miezi ya neno "changamoto ya upumuaji". Hatukusema Uviko. Redio ilitangaza misiba, mitandao ikajaa mishumaa, na tulijifunza kusoma kati ya mistari. Tarehe 17 Februari alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, na kwa kuwa chama chake kilikuwa kimetangaza wazi wiki chache kabla kwamba ana Uviko, Babu alizima redio na kusema, "Huyu angalau wamemtaja ugonjwa wake."

Siku chache baadaye akaanza homa.

Siwezi kulaumu mtu yeyote kwa yale yaliyofuata, kwa sababu tuliyafanya kwa mapenzi. Tulimfukiza. Nchi nzima ilikuwa inajifukiza. Tulichemsha majani ya mkaratusi, mchaichai, tangawizi na malimao, tukamfunika blanketi, na ili mvuke usitoroke nilinyanyuka mimi, mjukuu msomi aliyetoka chuo, nikafunga dirisha la babu. Alitikisa kichwa chini ya blanketi. Nilidhani ni joto.

Tulipomaliza kumfukiza hakuna aliyelifungua. Tulisema baridi itamuua. Jioni watu wakaja kumwombea: shangazi, majirani, mzee wa kanisa, watoto. Nimewahesabu mara nyingi tangu siku ile. Walikuwa kumi na mmoja, chumba cha hatua nne kwa nne, wakaimba tenzi zaidi ya saa nzima. Siku ya tano tukampeleka hospitali. Siku ya saba akafariki. Cheti kiliandika nimonia. Wiki mbili baada ya maziko shangazi yangu aliugua, akapona, lakini kwa mwezi mzima hakusikia harufu ya kahawa, yeye aliyezaliwa na kukulia katikati ya mibuni.

Hapo ndipo swali la mhadhiri liliponikamata koo. Kwenye karatasi ya hesabu nilikuwa nimeandika "gharama". Upande wa pili nilitakiwa kuandika "faida". Nilijiuliza: kama usiku ule, juu ya kabati la babu, pangekuwa na kile kifaa cha St. Louis, na kikalia, ningelipa shilingi ngapi?

Jibu la kwanza la moyo ni kwamba ningeuza shamba.

Lakini mhadhiri alitaka hesabu, na hesabu inauliza swali linalofuata: kengele ikilia, halafu nini? Je, tungewaambia majirani warudi nyumbani na maombi yao? Je, mzee wa kanisa angekubali? Au shangazi angesema, "Zima hicho kidude, kinatutia hofu"? Namjua shangazi yangu. Nadhani najua jibu.

Na mkoa wetu una ushahidi wake juu ya jambo hili. Mgonjwa wa kwanza wa Uviko nchini, aliyetangazwa tarehe 16 Machi 2020, alipatikana hapa hapa Arusha, akiwa ametua siku moja kabla Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro akitokea Ubelgiji. Hapakuwa na kifaa chochote hewani. Kulikuwa na tangazo la waziri, na tukaliamini. Siku iliyofuata shule zikafungwa. Kufumba na kufumbua, kila mlango wa duka pale Kilombero na Sanawari ulikuwa na ndoo ya maji na sabuni. Daladala zikaanza kupakia levo siti. Konda, ambaye siku zote anaamini nafasi ya mtu mmoja inatosha watatu, alikuwa anawakatalia abiria.

Kisha mwanzoni mwa Mei 2020 hesabu zikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, hazikutangazwa tena kwa zaidi ya mwaka. Ndoo zikaanza kukauka. Kwanza sabuni ikaisha, halafu maji, halafu ndoo yenyewe ikarudi ndani kuwekewa mchele. Virusi havikuwa vimeondoka. Kilichoondoka ni makubaliano yetu kwamba tukiambiwa tutafanya kitu.

Ndiyo maana nilianza kuona kwamba bei ya kifaa cha kugundua virusi haiandikwi kwenye ankara. Ankara inakuambia gharama ya kulia kwa kengele. Gharama kubwa ni ya kuitii: nani atatoka chumbani, nani atafidiwa siku ya kazi aliyoikosa, nani atamlinda yule aliyekohoa jana usiku wakati macho ya ghorofa nzima yanamgeukia. Kifaa hakijui virusi vimetoka kwa nani. Watu watajifanya wanajua.

Tulibadilisha andiko letu. Tukaacha kuuliza kifaa kitagundua nini, tukauliza tungefanya nini kama kingegundua. Majibu yote yalikuwa yale yale, awe Uviko, mafua au kifua kikuu: ingiza hewa ya nje, punguza watu chumbani, mwenye kikohozi avae barakoa, mgonjwa apumzike na apimwe. Sasa kama jibu ni moja kwa kengele zote, kwa nini tusubiri kengele?

Tukapata nguvu kutoka Lima, Peru. Mwaka 2007 watafiti walichapisha vipimo vya hewa katika vyumba 70 vya hospitali 8 kule. Madirisha na milango ikifunguliwa, hewa ya chumba ilibadilika yote kama mara 28 kwa saa. Yakifungwa, mara 1.5 hivi. Vyumba vyenye mitambo ya kisasa ya kupitisha hewa vilikadiriwa kuwa na mara 12. Na majengo yaliyoshinda yote yalikuwa ya zamani, ya kabla ya 1950, yenye dari ndefu na madirisha makubwa. Nilipoyasoma hayo nilimwona babu akicheka kwenye kitanda chake cha Kibong'oto.

Nikatoka nje kutazama hosteli yetu kwa macho mapya. Ni jengo zuri, la vioo na aluminiamu. Madirisha yake ni ya kuteleza, maana yake hata ukifungua mpaka mwisho, nusu ya dirisha inabaki imefungwa na nusu nyingine. Juu ya madirisha hakuna yale matundu ya hewa ambayo nyumba za zamani za Arusha zinayo, yale tuliyoyaziba kwa magazeti tukiwa watoto. Vioo vitano ghorofa ya pili haviteleza kabisa, rangi imevigandisha. Hakuna aliyelalamika kwa sababu hakuna aliyejaribu kuvifungua.

Bajeti yetu mpya ilikuwa ya aibu kwa udogo wake. Fundi wa kukwamua na kurekebisha madirisha. Nyavu za mbu. Nondo na waya mgumu, kwa sababu kuna wezi wanaovua kompyuta kwa fimbo kupitia dirishani. Vipima hewa ukaa viwili, ambavyo mtandaoni tulivipata chini ya dola 250 kimoja, vya kuhamishwa kila wiki chumba hadi chumba. Barakoa mlangoni. Jumla haikufika milioni sita, na sehemu kubwa inalipwa mara moja tu.

Tuliwasilisha siku ya Alhamisi. Nilizungumza mimi. Nilifika mwisho nikasema kwa fahari kwamba dirisha ni bure.

Mhadhiri aliinua mkono. "Baridi mmeipa bei gani?"

Kimya.

"Mmeweka bei ya katriji, bei ya nyavu, bei ya fundi. Kuna mwanafunzi atakaa karibu na hilo dirisha usiku wa Julai. Yeye analipa. Yuko kwenye safu ipi ya hesabu yenu?"

Nilimtazama mwenzangu wa Tanga. Alikuwa anatazama sakafu, lakini niliona anatabasamu. Wiki tatu nzima nilikuwa namfungulia dirisha la mgongoni na kumwita mwoga.

Tulirudi tukaiweka baridi kwenye hesabu. Tulisogeza meza za kusomea mita moja kutoka ukutani. Tukapendekeza dirisha la juu ngazini lifunguliwe pamoja na mlango ili hewa ipite bila kumpiga mtu. Tukaandika kwamba namba ikifika 1,000 tunafungua kwa dakika kumi, watu wasimame wanyooshe miguu, kisha tunafunga. Na tukaongeza mashuka kumi na mawili ya Kimasai, yanunuliwe Tengeru siku ya soko, Jumatano au Jumamosi, yakae chumbani kwa yeyote anayeyahitaji. Mgonjwa akilalamika baridi, anaongezewa blanketi. Kibong'oto walikuwa wameshaifanya hesabu hiyo kabla sijazaliwa.

Sijasema vifaa vya kunusa virusi havina maana. Kwenye andiko tuliacha ukurasa mmoja kwa ajili yao, na niliupigania. Viwekwe pale ambapo kuna mtu anayelipwa kujibu: wodi ya magonjwa ya kuambukiza, maabara, uwanja wa ndege, mahali ambapo kengele ikilia saa nane usiku kuna simu itakayopokelewa na mtu mwenye mamlaka ya kufanya kitu. Bei zinashuka, katriji ya kifua kikuu iliyokuwa ikiuzwa karibu dola 10 ilishuka hadi dola 7.97 mwaka 2023. Siku moja kifaa kile kitakuwa cha bei ya redio. Nami sitaki siku hiyo itukute bado tunabishana kuhusu dirisha.

Na kuna jambo ambalo sikuliandika kwenye andiko, kwa sababu halina safu. Kujua kuna thamani yake hata kama hakubadilishi kitu. Familia yetu ingelala tofauti kama tungejua babu alikufa na nini. Huenda shangazi angeacha kusema ni mvua iliyomnyeshea shambani. Huenda mimi ningejua kama lile dirisha lilikuwa na uzito wowote, au kama alikuwa anaondoka kwa vyovyote vile. Nimefanya hesabu hiyo kwa kila njia ninayoijua, na inakataa kuisha.

Desemba nilipanda nyumbani kama kila mwaka. Nilikuwa bado nimeazima kile kipimo. Jioni ya kwanza tulikaa chumba cha babu, ambacho siku hizi ndipo televisheni ilipo: mimi, Bibi, binamu watatu na mtoto wa jirani. Nilikiweka juu ya kabati. Baada ya taarifa ya habari kilisoma 1,610.

Bibi alikitazama. "Hicho ndicho cha shule?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kinasema babu yako alikufa na nini?"

"Hapana, Bibi. Kinasema tu hewa ya humu tumeitumia mara ngapi."

Alitafakari kidogo. Niliona ndiyo nafasi, nikasema jambo ambalo sikuwa nimelisema kwa miaka. "Bibi, siku ile ya kumfukiza, mimi ndiye niliyefunga dirisha."

"Najua," alisema. "Nilikuwa nimekaa pale. Na mimi ndiye sikulifungua." Akavuta kanga yake mabegani. "Haya, lifungue basi. Watoto, leteni blanketi."

Komeo lilikuwa limeshika kutu. Ilibidi binamu yangu alete mafuta ya kupikia na nyundo, tukahangaika nalo karibu robo saa, huku Bibi akitufokea tusivunje kioo. Lilipoachia, baridi iliingia yote kwa mpigo pamoja na harufu ya moshi wa jikoni na majani ya migomba yaliyolowa. Mtoto wa jirani alipiga kelele. Tulibanana watano kwenye blanketi mbili, na kila tangazo la biashara lilipokuja tuligeuka kutazama namba ikishuka: 1,300, 1,050, 880. Tulipokwenda kulala ilikuwa 700, na Bibi alituambia dirisha tuliache hivyo hivyo.